Binti yangu anaona mlima kwenye grafu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni baba wa binti wa miaka 13. Hesabu za kawaida hazimpigi chenga. Sehemu, desimali, asilimia, hata zile za kutafuta x, anapambana nazo mpaka zinakubali. Lakini swali likija na grafu anageuka mtu mwingine. Anajibu upesi, anajibu kwa kujiamini, na anakosa.

Wiki iliyopita alileta jaribio la takwimu. Alama 9 kati ya 25. Nikakaa naye mezani tulipitie pamoja, nikidhani ni uzembe tu.

Grafu ya kwanza ilihusu mtu aliyetoka nyumbani kwa baiskeli. Chini pameandikwa muda kwa dakika, pembeni umbali kutoka nyumbani kwa kilomita. Mstari unaanzia sifuri na kupanda hadi kilomita 2 katika dakika ya 10. Unalala hapo mpaka dakika ya 25. Unapanda tena hadi kilomita 4 katika dakika ya 30, halafu unashuka mpaka sifuri katika dakika ya 50. Swali: ni wakati gani mtu huyu alikwenda kasi zaidi? Binti yangu akaandika: "Kuanzia dakika ya 30, kwa sababu anateremka mlima."

Ya pili ilionyesha vitabu vilivyosomwa na madarasa mawili. Pau ya darasa A ni ndefu mara mbili ya pau ya darasa B, naye akaandika kwamba A walisoma mara mbili ya B. Kapigwa mkasi. Hapa nakiri, Mwalimu, hata mimi ningeandika hivyohivyo, na mpaka sasa sioni kosa liko wapi. Namba za pembeni ni 40, 50 na 60, pau ya A imefika 60 na ya B imefika 50.

Ya tatu, chini kuna idadi ya vitabu (0, 1, 2, 3, 4) na pembeni idadi ya wanafunzi. Urefu wa pau kwa mfuatano ni 3, 8, 10, 6 na 3. Akaulizwa moda, yaani idadi ya vitabu iliyojitokeza mara nyingi zaidi, akaandika 10. Akaulizwa jumla ya vitabu vyote vilivyosomwa, akaandika 10 pia, kwa sababu 0 na 1 na 2 na 3 na 4 ni 10.

Ya nne ni maduara mawili. Shule ya kwanza ina wanafunzi 200, asilimia 30 huja kwa baiskeli. Ya pili ina wanafunzi 400, asilimia 20 huja kwa baiskeli. Ipi ina wengi wanaokuja kwa baiskeli? Akachagua ya kwanza, "kwa kuwa kipande chake ni kikubwa."

Nikapandisha sauti: "Si usome grafu vizuri!" Akanijibu machozi yakimlengalenga: "Nimeisoma, baba. Nimeiangalia yote."

Mwalimu wake anasema akariri aina za grafu na matumizi yake. Mimi nafikiria kumnunulia mitihani ya zamani afanye mingi, au kumtafutia mtu wa masomo ya ziada. Ama ndiyo kichwa chake hakikuumbwa kwa mambo haya? Nishauri.

Baba aliyekosa namba mbili

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hilo neno la mwisho la binti yako nimelirudia mara kadhaa. "Nimeisoma. Nimeiangalia yote." Kwake ni kitendo kimoja, na alama zote 16 alizopoteza zimepotelea hapo. Picha huangaliwa. Grafu imevaa nguo za picha, lakini ni maandishi, na maandishi yasiposomwa hayasemi kitu. Kwa hiyo ondoa wazo la kichwa kisichoumbwa. Mtoto anayejibu upesi na kwa kujiamini ameona kitu. Shida ni kwamba alichokiona si kile grafu ilichosema.

Tukae na baiskeli kwanza, maana ndiyo yenye mengi.

Ukiondoa namba na maneno yote kwenye ile grafu, kinachobaki ni nini? Mstari unaopanda, uwanda, mpando mkali, kisha mteremko mrefu. Ni mlima kabisa! Ningekuwa na miaka 13 na nimewahi kupanda baiskeli, ningesikia hata upepo wa mteremko usoni. Walimu wa hisabati wanalijua kosa hili duniani kote, na huwapata watoto wenye akili nzuri tu: kuichukua grafu kama mchoro wa njia. Dawa yake si kumwambia "hakuna mlima hapo". Atakubali kwa heshima, kesho atauona tena kwenye grafu nyingine.

Mpe kazi moja kabla hajagusa swali lolote. Aweke kidole kwenye nukta moja ya mstari, yoyote, aitamke kwa sentensi kamili. "Dakika ya 10, mtu huyu alikuwa kilomita 2 kutoka nyumbani." Si "10, 2". Si "hapa ni juu". Sentensi yenye mtu, wakati na mahali. Ahamishe kidole: "Dakika ya 20, alikuwa kilomita 2 kutoka nyumbani." Ahamishe tena: "Dakika ya 25, kilomita 2 kutoka nyumbani." Hapo mwache, usimsaidie. Kabla ya sentensi ya nne atakuwa amegundua mwenyewe kwamba mtu yule amesimama. (Mtoto mjanja anaweza kukuambia labda hakusimama, labda alikuwa akizunguka mahali palepale kwa umbali uleule. Akisema hivyo, mshike mkono. Ameielewa grafu kuliko aliyetunga swali.)

Kisha aseme ya dakika ya 40. Mstari umeshuka katikati, kwa hiyo yuko kilomita 2 kutoka nyumbani, na dakika ya 50 yuko kilomita 0. Sifuri kutoka nyumbani maana yake nini? Yuko mlangoni. Ule "mteremko" ni safari ya kurudi, na barabara inaweza kuwa tambarare kama meza.

Sasa kasi. Mwambie apige hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo silaha yake. Mwanzoni alikwenda kilomita 2 kwa dakika 10, sawa na kilomita 12 kwa saa. Kuanzia dakika ya 25 hadi ya 30 alikwenda kilomita 2 kwa dakika 5 tu, hiyo ni kilomita 24 kwa saa. Kurudi ni kilomita 4 kwa dakika 20, tena kilomita 12 kwa saa. Kasi kubwa iko kwenye mpando mkali kuliko yote, mahali ambapo mwendesha baiskeli wa mlimani angekuwa anatweta. Mwache ashangae kidogo. Halafu mwulize kwa nini mstari umekuwa mkali pale, na usitosheke mpaka aseme kwa maneno yake kwamba umbali mwingi umebanwa ndani ya muda mfupi. Akilisema hilo, amepata kitu atakachokibeba mpaka fizikia ya sekondari.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Jambo hili la sentensi ya nukta moja ndilo kubwa nililonalo kukupa, na yaliyobaki yanatoka humohumo.

Angalia ile ya moda. Mwambie aweke kidole juu ya pau ndefu na aitamke. Ikitoka "wanafunzi 10 walisoma vitabu 2", jibu limeshajitokeza: moda ni 2. Ile 10 ni idadi ya watu waliopiga kura, 2 ndiyo iliyochaguliwa. Karibu kila darasa nililofundisha lilikuwa na watoto wa kosa hili, kwa kuwa macho hukimbilia kilele cha pau na kusoma namba iliyo pembeni yake. Na jumla ya vitabu? Atamke pau zote. Watatu hawakusoma kitu, wanane walisoma kimoja kimoja, kumi walisoma viwili viwili, sita walisoma vitatu vitatu, watatu walisoma vinne vinne. Yaani 0 na 8 na 20 na 18 na 12. Vitabu 58 kwa wanafunzi 30, wastani wa karibu 1.9. Ile 10 yake ilitokana na kujumlisha majina ya pau. Ni kama kujumlisha namba za milango ili kujua nyumba zina watu wangapi.

Tuje kwako sasa, baba.

Umesema pau ya A ni ndefu mara mbili na huoni kosa. Umeandika mwenyewe kwamba namba za pembeni ni 40, 50 na 60. Sifuri iko wapi? Imekatwa. Grafu inaanzia 40, kwa hiyo kinachoonekana ni kile kilichozidi 40 tu: kwa A ni 20, kwa B ni 10. Macho yako yamelinganisha 20 na 10 yakasema mara mbili. Vitabu vyenyewe ni 60 na 50. Darasa A limezidi kwa vitabu 10, yaani asilimia 20 ya vile vya B. Ni tofauti ya kawaida kabisa, na mchoro umeifanya ionekane kama ushindi wa kishindo.

Usijilaumu, maana pau zimeumbwa hivyo. Pau huzungumza kwa urefu wake, na ukiikata miguu, urefu unadanganya hata kama namba zote ni za kweli. Ndiyo maana nang'ang'ania kwamba grafu ya pau ianzie sifuri. Wakati mwingine mchoraji huweka mkunjo mdogo chini ya mstari wa pembeni, kama herufi z iliyolala, kukuonya kwamba ameruka. Mara nyingi haweki. Utaziona pau za namna hii kwenye matangazo ya biashara na kwenye kampeni za siasa, na huko hakuna mwalimu wa kupiga mkasi.

Lakini binti asiondoke na kanuni kwamba grafu isiyoanzia sifuri ni ya uongo. Grafu ya mstari inaweza kuanzia kwingine bila dhambi. Joto la mwili wa mgonjwa likitoka 37 hadi 39, hiyo ni homa. Ukilichora kuanzia sifuri, mstari utalala na homa itapotea machoni. Mstari huzungumza kwa mwendo wake, kupanda na kushuka, si kwa urefu kutoka chini. Kwa hiyo swali la kumzoesha ni hili: grafu hii inazungumza kwa nini? Urefu, mwinuko, au ukubwa wa kipande?

Nimeandika "pau" kwa kukufuata wewe. Vitabu vingine huziita mihimili, nami sipendi, kwa kuwa neno mhimili tayari lina kazi yake kwenye ile mistari miwili ya pembeni na chini. Mtoto anayesikia "soma mhimili" ana haki ya kuuliza upi. Kama kitabu chake kinatumia neno hilo, mfafanulieni mapema.

Kuna jambo moja hukuligusa lakini litamkuta: vijistari visivyo na namba. Tuseme pembeni pameandikwa 20, kisha 30, na katikati kuna nafasi 5. Pau imefika kwenye kijistari cha tatu juu ya 20. Wengi huandika 23. Nafasi 5 zimegawana 10, kila moja ni 2, kwa hiyo ni 26. Dakika moja ya kuhesabu nafasi, na imekwisha.

Maduara. Kipande cha asilimia 30 ni kikubwa kuliko cha asilimia 20, hapo hakukosea. Aliyemponza ni duara lenyewe, maana haliandiki usoni kwamba ni la watu wangapi. Asilimia 30 ya 200 ni 60, asilimia 20 ya 400 ni 80. Mbele ya duara lolote aulize kwanza: yote ni ngapi? Nikuambie pia kwamba sina mapenzi makubwa na grafu za duara. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha utafiti kuhusu macho na michoro, wakaonyesha kwamba watu hulinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kwa usahihi kuliko wanavyolinganisha pembe. Pau mbili zinazokaribiana utajua ipi ndefu. Vipande viwili vya duara vinavyokaribiana utakisia tu. Kwa hiyo kwenye duara asiamini macho kabisa. Atafute nyuzi au asilimia, akikumbuka kwamba duara zima ni nyuzi 360: kipande cha nyuzi 90 katika darasa la watoto 40 ni watoto 10.

Kuhusu kukariri aina za grafu, sitaki kumpinga mwalimu wake mbele ya mzazi. Ila kukariri kunaingia vizuri zaidi mtoto akijua kila grafu ilizaliwa na shida gani. Mskoti William Playfair alichapisha London mwaka 1786 kitabu cha grafu za biashara, na karibu zote zilikuwa za mstari, thamani ya bidhaa zilizoingia na kutoka mwaka hadi mwaka. Alipofika kwenye Uskoti akakwama, kwa sababu alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Utachoraje mstari wa miaka ukiwa na mwaka mmoja? Akachora pau, kila mahali Uskoti ilipofanya nako biashara pakapata zake. Duara lilifuata kwenye kitabu chake cha mwaka 1801. Msimulie binti kisa hicho, kisha mwulize: data za binti mwenye homa kwa siku saba utazichoraje? Na za rangi zinazopendwa na darasa zima? Kati ya Jumatatu na Jumanne kuna usiku ambao homa ilikuwa na kiwango fulani, kwa hiyo mstari una maana. Kati ya rangi nyekundu na rangi ya bluu hakuna kitu cha kuunganisha. Mstari pale ni upuuzi, hata ukichorwa kwa rula.

Mitihani ya zamani iache kwanza. Mtoto anayesoma vibaya akipewa grafu 50, atapata mazoezi 50 ya kusoma vibaya. Mpe grafu moja kwa siku, tatu au nne kwa wiki zinatosha, na maswali ya ngazi tatu. Mtafiti wa Marekani, Frances Curcio, aliyewachunguza wanafunzi wa darasa la nne na la saba, aliyaeleza vizuri mwaka 1987: kuna kusoma kilichoandikwa, kuna kusoma kilicho kati ya data, na kuna kusoma kilicho mbele yake. Kwa ile baiskeli: dakika ya 25 alikuwa wapi? Safari ya kurudi ilikuwa fupi kwa dakika ngapi kuliko ya kwenda? Kama angeendelea na kasi ya ule mpando wa pili kwa dakika 5 zaidi, angefika wapi? La kwanza linajibiwa kwa kidole, la pili kwa hesabu, la tatu kwa kufikiri, na jibu lake, kilomita 6, halipo popote kwenye karatasi. Maswali ya nyumbani mara nyingi huishia kwenye ngazi ya kwanza, halafu tunashangaa ya pili na ya tatu yakija kwenye mtihani.

Tena achore zake mwenyewe. Ahesabu dakika anazotumia kusoma kila siku kwa wiki moja, aandike kwenye jedwali, achague skeli (yaani kila nafasi ya pembeni iwe dakika ngapi), achore. Kuchagua skeli ndiko kunakofundisha. Atajaza karatasi vibaya mara ya kwanza, mstari utatoka juu nje ya ukurasa, atafuta, ataanza upya. Usimsahihishie. Na mtoto aliyewahi kuikata sifuri kwa mkono wake ili dakika zake zionekane nyingi hatadanganywa tena na pau ya mtu mwingine. Mwachie afanye udanganyifu huo mara moja, kwa mchezo, akuletee uugundue wewe.

Mtu wa masomo ya ziada? Bado. Jaribu haya kwa mwezi mmoja. Kama baada ya hapo bado anashindwa kuitamka nukta moja, mwandikie mwalimu wake, naye aangalie kama tatizo ni lugha ya maswali na siyo grafu. Hilo hutokea, hasa mtoto akifundishwa kwa lugha ambayo si ya nyumbani.

La kupandisha sauti unalijua mwenyewe, siongezi. Nina ombi moja tu kwa jioni ya leo. Chukua karatasi ya mraba, chora tena ile grafu ya madarasa mawili, safari hii anzia sifuri, pau ya A ifike 60 na ya B ifike 50. Iweke kando ya ile ya mtihani. Mwambie binti yako kwamba na wewe ulisema mara mbili, kisha umwombe akueleze mlikosea wapi.